Kufunguliwa kwa Kituo cha Herufi za Mukono, Songo

Waheshimiwa wakubwa wa mji pamoja na wale waliotumwa kuwawakilisha. Ma-chef de quartier, wakuu wa mitaa yetu, na ma-chef wa zamani ambao bado tunawaita chef ili kusiwe na maneno. Wachungaji, mapadri, na wanakwaya mlioombwa mngoje kidogo. Wavuvi, mama wauza samaki wa ndagala, ndugu zetu wa Sange na Mutarule mliofika kwa ukarimu wa pikipiki za wengine. Nanyi mliosimama kwa sababu viti ni vya protokole: pokeeni salamu, kila mutu kwa kadiri ya cheo chake! (Makofi. Mutu mumoja anauliza kama soda iko.)

Kwangu minye, Cyprien, Mratibu Mkuu wa Kamati ya Kuratibu Uratibu wa Kituo hiki, furaha yangu leo ni ya kiofisi. Miaka yote nilipita hapa Songo nikisoma kwenye kuta, Salon ya Kunyoa, Hapa Tunachaji Telefone, wala sikuona kitu. Hadi siku ile imprimante ya biro, mashine ya kuchapia, ilipogoma, nikaja kwa Mama Naomie huyu hapa, mwandishi wa vibao na majina ya mitumbwi, katika atelie yake, kibanda cha mbao anamofanyia kazi, aniandikie cheo changu. Alikuwa na wateja wengi. Akanipa brashi, akaniambia kwa heshima zote kwamba hata weye, Chef, uko na mukono. (Kicheko.) Nikaandika C. Wapendwa, ile C! Nilikaa nikiitazama mpaka chauffeur akaanza kupiga honi. Umri wangu miaka hamsini, na sikuwahi kufanya kitu ambacho hakikungoja sahihi ya mutu mwingine.

Ndipo nikagundua kwamba sanaa hii, ambayo haikuwepo (Mama Naomie anakohoa), ambayo ilikuwepo bila mpangilio, inahitaji encadrement, suivi-évaluation, renforcement des capacités, yaani usimamizi, tathmini na kujengewa uwezo, na kituo cha gorofa kitakachofundisha asilimia mia moja na ishirini ya vijana wetu, wakiwemo ambao hawajazaliwa! (Makofi.)

Lakini kituo hakianzi na msingi, kinaanza na kibao, na kibao nikaamua kukiandika mwenyewe. Mama alinishauri nipime maneno kwa chaki kwanza. Nikamweleza kwamba Serikali haipimi maneno. (Kicheko kirefu.) Neno KITUO likamaliza ubao wote. Mafundi wa kamati wakatazama huku na huku, wakang'oa mbao kwenye ukuta wa atelie, CHA ikaenea vizuri. HERUFI ikataka nyingi zaidi, maana ile F ilininogea. Ukaisha ukuta wa mbele, ukaja wa nyuma, mwishowe mlango. Mama alibaki juani na makopo yake ya rangi, na mvua ikija anawarudisha wenye mitumbwi na mbao zao, maana hana pa kuzikaushia. Nikamwambia avumilie, kesho atakuwa mwalimu wa kwanza wa kituo.

Na leo kibao ndicho hiki, kimetoka barabarani mpaka kwa kinyozi, kimeandikwa KITUO CHA HERUFI ZA MU. (Vicheko.) Nyamazeni! KONO iko kwenye awamu ya pili.

(Mama Naomie anasimama.) Protokole, muache mama aseme.

“Chef, minye nilikuwa nafundisha batoto hapa. Na weye nilikufundishia hapa. Kituo, sentre, ilikuwepo. Mumeibomoa, mukaandika jina yake.”



Asante, Mama, kwa mchango wako, ambao kamati itauchukua, itaujadili... (Anakitazama kibao.) Hapana. Wapendwa, nilikuwa na kurasa nyingine nyingi, lakini nimeona haya. Herufi! (Oyee!) Mukono! (Oyee!) Atelie ya Mama Naomie! (Oyee! Oyee!) Nawashukuru nyote kwa kuja kufungua kituo ambacho minye sikukijenga hata siku moja. Mafundi, leteni nyundo, mbao zirudi ukutani kabla ya mvua. Na wewe, Mama, kama utakubali, upande wenye herufi uangalie ndani ya atelie. Ni za kwanza nilizoandika, na bado ninazipenda.