Mkunazi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari
Mimi na bahati tumenyonya ziwa moja. Watu kumi wameomba kazi ya bustani ya zahanati, nimechukuliwa mimi. Kwa majaribio ya wiki moja, basi. Mvua imegoma miezi mitano sasa na maua yote ya mganga mkuu yamekauka. Anataka mti wa kupendeza pale langoni, usioogopa jua. Ukiwa hai Jumatatu ijayo, napewa barua ya ajira. Nikamwambia mkunazi ninao nyumbani. Ninao kwa maana ya kwamba mama mkwe anao. Mke wangu kafurahi hadi kanisifia mbele ya dada yake. Haijatokea tangu mwaka juzi.

Jumanne, 4 Februari
Kwa mama mkwe. Kauliza safari hii nimekuja kuazima nini. Nikausifu mkunazi wake mkubwa, nikajiletea somo zima: majani ukiyatwanga yanatoa povu la kuoshea nywele, kunazi ni za wajukuu, matawi ya miiba ni uzio wa vifaranga, na ukiupogoa vizuri unakaa kama mwavuli. Miche anayo miwili. Mmoja kama kiganja, mwingine unanifika kiunoni, miaka miwili ndani ya ndoo kuukuu. Nikachagua wa kiunoni. Akanionya nisiinue ndoo, mzizi umeshatoboa chini ukaingia ardhini. Nichimbe kuzunguka, taratibu. Akaingia ndani kuchemsha chai.
Nikainua. Kitu kikalia kacha! Nikadhani ni kiuno changu. Kiuno kizima.

Jumatano, 5 Februari
Nimepanda. Mlinzi wa getini, tunamwita Kamanda, kauliza kama bwana shamba amepanda mti au fimbo. Mama mkwe alisema nusu kopo kwa wiki. Uchoyo wa wazee huo. Majani yamelegea, nimeupa ndoo tatu. Wagonjwa waliopanga foleni bombani wamenitazama vibaya.

Ijumaa, 7 Februari
Majani ya manjano. Nimeongeza ndoo mbili, na shuka la mke wangu kwa ajili ya kivuli. Kamanda kavua kofia, kauliza mgonjwa kalazwa wodi gani na kama ndugu wameshajulishwa. Roho mbaya kama ile hata mti unaisikia.

Jumapili, 9 Februari
Imebaki miiba. Lakini kichwa changu hakijakauka. Mama mkwe alipokwenda kwa jirani nilikata matawi mabichi kwenye mkunazi wake, nikayafunga kwenye fimbo yangu kwa uzi wa kijani. Halafu, kwa mbwembwe, nikaning'iniza kunazi thelathini za sokoni. Vidole vyangu vina matundu kama chujio.

Jumatatu, 10 Februari
Mganga mkuu kauzunguka mti mara mbili, anatabasamu. Barua mkononi, jina langu nimeliona kwa macho yangu.
Ndipo mama mkwe akaja kupima presha. Akauliza, kwa upole kabisa, tangu lini mkunazi wa miaka miwili ukazaa hivi. Akachuma kunazi moja, likaja tawi zima na uzi wake. Kamanda ilibidi akae chini. Mama mkwe akaling'oa shina kwa vidole viwili, akamwonyesha mganga mzizi uliokatika na tope linalonuka. Akasema mti wa jua kali umekufa maji. Mganga akamuuliza yeye angefanyaje. Akaeleza.
Barua ikarudi ofisini kubadilishwa jina. Mtunza bustani sasa ni mama mkwe. Mimi kaniombea niwe msaidizi wake. Kasema vinginevyo binti yake atakaa na mtu huyu mchana kutwa.

Jumanne, 11 Februari
Bosi wangu kapanda ule wa kiganja. Kaniita mwanangu, kanipa kopo lenye alama ya wino panapoishia nusu: Jumanne kwa Jumanne, basi. Akaenda zake.
Nimeutazama. Umekaa kinyonge. Mimi siwezi kuona kiumbe kina kiu nikanyamaza. Nimeupa ndoo mbili, ya tatu nimeiweka tayari kwa jioni.
Na wale watu kumi hawakuwepo. Niliomba peke yangu. Bahati sina.