Namna Nilivyombatiza Fisi

Jumatatu, 4 Juni 1956
Darasa langu la watoto wadogo na la Mwalimu Tekla yataunganishwa. Padri anakuja Ijumaa kusikiliza hadithi zetu. Atakayempendeza atabaki hapa Iringa, mwingine ataenda Rujewa, kwenye joto na mbu. Nimesali sana. Sijanyanyuka hata magotini, jibu likaja. Tekla anasimulia fisi yule yule wa bibi zetu, mlafi na mwongo. Wangu atatubu na kubatizwa. Padri atatokwa machozi.

Jumanne, 5 Juni
Nilipotaja fisi tu, darasa zima likaziba masikio. Paskalina, mdogo kuliko wote, akanieleza taratibu kama anaelekeza mgeni: hadithi ni za usiku, anayesikiliza mchana huota pembe. Nikauliza, kwa Mwalimu Tekla je? Wakasema yeye huwapaka masizi ya chungu kwenye paji la uso, pembe haipiti. Masizi, mimi Mkristo? Nitaleta usiku wenyewe.

Jumatano, 6 Juni
Nimeziba madirisha kwa mablanketi yetu. Mke wangu ameuliza, na baridi hii ya Juni, tujifunike nini usiku, huyo fisi wangu?
Giza safi. Watoto wakaitikia vizuri. Fisi akatubu, akabatizwa, akaitwa Yohana. Paskalina akauliza sasa anakula nini. Nikasema maharage. Akasema basi huyo si fisi, huyo ni mjomba wake Kalinga.
Nikamwambia asimulie yeye. Mungu wangu. Mtoto hana meno ya mbele, lakini nilisikia mifupa ikivunjwa pale kwenye kona. Nywele zilinisimama. Nimekuwa kanisani maisha yangu yote, kimya cha namna ile nimekisikia mara chache.

Ijumaa, 8 Juni
Nilimwachia Paskalina aanze kidogo tu, kuwachangamsha wenzake. Padri alipoingia nilikuwa sakafuni katikati ya watoto, nimeshika mkono wa mmoja wao, nauliza na fisi akafanyaje. Padri akauliza mwalimu yuko wapi. Watoto wakamwambia anyamaze. Nami nikamsogelea Paskalina, fisi alikuwa ameshafika mlangoni.
Blanketi la dirishani lilipoondolewa nikamwona Padri vizuri. Alikuwa ametokea darasani kwa Tekla. Paji lake la uso lina masizi, kama Jumatano ya Majivu.

Jumamosi, 9 Juni
Rujewa. Mke wangu anafunga mizigo, ameanza na mablanketi. Nasikia watoto wa huko hadithi zao ni za kiboko. Nimelitafakari hilo tangu alfajiri na moyo umetulia kabisa. Kiboko tayari yuko majini. Kumbatiza itakuwa kazi ndogo.