Saa Yetu ya Vinyoya

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Bibie,

Leo ni miezi saba tangu tukuzike, na wanataka kuninyang'anya saa yetu. Si siku yetu, lakini nilifika ukumbini na raketi zote mbili, yangu na yako. Sijui kwa nini nabeba yako. Usinicheke.

Mtunza ukumbi akaniita pembeni. Akasema uwanja wa dirishani, Alhamisi saa kumi na moja jioni, umeandikwa kwa watu wawili, na mimi ni mmoja. Mfamasia na kaka yake wanautaka. Nikamwambia nimecheza mpira wa vinyoya saa hiyo miaka kumi na minne. Akasema anajua, ndugu yangu, ila miezi saba hii sichezi, nakaa tu kwenye benchi natazama wavu.

Ni kweli.

Tumekubaliana hivi: Jumamosi nicheze na Mfamasia, mmoja kwa mmoja. Mshindi achukue saa. Tatizo ni moja dogo. Sijui sheria. Wewe ndiye uliyekuwa ukihesabu pointi, kwa sauti, na leso yako ya kijani kichwani. Mimi nilikuwa napiga tu.

Jumanne, tarehe 4

Mdogo wako amekuja dukani kunifundisha. Nilikuwa nachonga ufunguo wa mwalimu wa hesabu. Shemeji akachora uwanja kwenye karatasi, juu ya kaunta.

Seti ni pointi ishirini na moja. Ukishinda seti mbili, mechi yako. Kinyoya kikianguka, lazima mtu apate pointi. Kuanzisha ni kupiga kutoka chini ya kiuno, na kinyoya kiende mshazari. Pointi zako zikiwa shufwa, unaanzishia kulia. Zikiwa witiri, kushoto.

Nikamwambia mimi husimama kushoto siku zote. Akacheka mpaka akashika kaunta. Akasema, "Shemeji, dada alikuweka kushoto kwa sababu ukienda kulia ulikuwa unamkanyaga."

Miaka kumi na minne nilidhani ile ni mbinu.

Ufunguo wa mwalimu haufungui kitu. Nitachonga mwingine.

Jumatano, tarehe 5

Mbinu ya kwanza. Mfamasia ni mfupi. Kwa hiyo wavu upande juu. Nikaenda ukumbini mapema, nikasema nakuja kutia mafuta kufuli la stoo, nikaupandisha kiganja kizima. Kazi safi. Kisha nikajaribu kuanzisha mara tisa. Mara tisa kinyoya kiliishia wavuni.

Hapo Mfamasia akaingia. Akautazama wavu. Akatoa mfukoni utepe wa kupimia. Nani anatembea na utepe mfukoni? Akasema katikati ya wavu panatakiwa mita moja na nusu na kidogo tu. Akaniuliza, "Fundi, au umepanda wenyewe kwa joto?" Nikasema huenda.

Akaushusha kwa mikono yake. Kisha akaniuliza kama siku hizi nakula vizuri. Mtu mbaya sana yule. Ana adabu.

Ijumaa, tarehe 7

Mbinu ya pili. Nimempendekeza Shemeji awe mwamuzi, na Mfamasia amekubali bila kusita. Nikamkumbusha Shemeji, kwa upole, ni nani aliyemtengenezea kitasa cha mlango wa jikoni. Akasema kinyoya kikigusa mstari kiko ndani, awe amekipiga shemeji au jirani. Na kitasa chenyewe kinakwama.

Akaniongezea mengine. Ukigusa wavu, umepoteza pointi. Kinyoya kikikugusa mwilini, umepoteza pointi. Nikauliza, hata tumboni? Akasema kwangu mimi, hasa tumboni.

Jumamosi, tarehe 8

Seti ya kwanza nilishinda, ishirini na moja kwa kumi na saba. Usiniulize vipi. Ya pili nikafungwa. Niligusa wavu mara mbili, na tumbo likaguswa mara moja. Mtunza ukumbi aliacha kufagia akaja kutazama.

Seti ya tatu. Yeye ishirini, mimi kumi na tisa. Akapiga kinyoya mbali, juu sana, kinaelekea ukutani. Kinatoka nje kabisa. Nilitakiwa kusimama tu, pointi iwe yangu.

Siku zote, Bibie, vinyoya vya namna ile ulikuwa unaniambia kwa nyuma, "Acha." Nami naacha. Leo nililisubiri neno hilo. Nililisubiri kweli. Halikuja, basi nikapiga. Wavuni.

Shemeji alitangaza matokeo taratibu, akageukia dirishani.

Nilikaa kwenye benchi. Mfamasia akaja akakaa. Hakunipa pole. Akasema kile kinyoya kilikuwa kinatoka. Nikasema najua. Akafunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Kisha akasema kaka yake ana goti bovu, daktari amemkataza kucheza, jina lake liliandikwa ili wafike wawili tu. Akauliza kama mimi nina nafasi Alhamisi.

Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu.

Sina ratiba. Nilimkubalia kabla hajafika mlangoni.

Jumapili, tarehe 9

Shemeji amepita asubuhi kuuliza kama nimejifunza kitu. Nikasema nimejifunza mengi, na kuanzia sasa nitacheza kama sheria zinavyotaka. Akafurahi, akaondoka.

Alhamisi tunacheza na wauguzi wawili wa zahanati. Wanasifika kwa wepesi. Lakini nimefikiri. Kinyoya ni cheupe. Ukuta wa upande wetu ni mweupe. Nimeipitia karatasi ya Shemeji mara mbili, hakuna mahali panapotaja nguo. Nimefua shati langu jeupe na suruali nyeupe, na nimepata kofia nyeupe kwa mwoka mikate. Wauguzi hawataona mtu wala kinyoya. Mfamasia sijamweleza, anaweza kukataa kwa ile adabu yake. Nimemwambia tu avae koti lake la kazini, jioni itakuwa na baridi.

Unikumbuke Alhamisi, Bibie. Na yeye pia, kidogo.