Programu Fupi ya Kuosha Sahani

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mashine imefika! Ya kuosha sahani, nyeupe, mlango unafunguka kwa mbele. Mzungu mmoja wa projet, mradi wa misaada, anahama Bunia, ameniachia. Nikamtolea mbuzi wa kuagana. Mbuzi alikuwa wa Wivine, mke wangu. Nitamweleza taratibu.

Mpango ni huu. Jumamosi shirika letu la kanisa, la Mtakatifu Antoni, linafanya sikukuu. Jumapili baada ya misa tunachagua mkubwa wa shirika. Tunaogombea ni wawili: mimi na Fiacre, fundi cherehani anayepanga vyumba vya nyuma hapa kiwanjani. Fiacre anatembelea wagonjwa, anabeba viti. Mimi nitaosha sahani zote za sikukuu bila mama hata mmoja kulowesha mkono. Na kina mama ndio wengi.

Sijawahi kutaka kitu namna hii. Marehemu baba alikufa akiwa msaidizi wa mkubwa. Maisha yote, msaidizi!

Jumanne, 10 Juni
Majaribio. Bomba halitoi maji mchana, kwa hiyo Wivine amejaza pipa kwa bidon, dumu baada ya dumu. Ameuliza kama maji hayo yasingeweza kuosha sahani moja kwa moja. Nikaendelea kupanga sahani.

Vitufe vya maana ni viwili. Éco: masaa matatu na zaidi. Rapide, ya haraka: nusu saa. Umeme wetu ni wa kulipia kwanza, na Fiacre anatumia mita hiyohiyo. Nani mwenye akili ataacha mashine ikila umeme masaa matatu? Nimebonyeza Éco, nikakaa mbele ya mita. Namba zilitembea polepole, lakini kwa muda mrefu mno! Nimeikatiza katikati. Sahani zilitoka na povu.

Wivine amesoma kijitabu cha mashine. Anasema kinachokula umeme ni kuchemsha maji, siyo kukawia. Éco inayapasha kiasi tu na kuosha bila haraka. Rapide inayafikisha digrii sabini. Nikamwambia mgeni anayekaa mezani masaa matatu anakula kuliko wa nusu saa.

"Laurent ndugu yako anaikalaka mezani nusu saa tu," akasema, "na anamalizaka sufuria."

Huyu mwanamke ana mdomo.

Alhamisi, 12 Juni
Nimejaribu Rapide. Taa zikafifia. Namba za mita zikakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Sababu ni moja tu: Fiacre. Ana waya wa siri! Nikamkatia umeme, nikajaribu tena. Namba zikakimbia vilevile. Kwa hiyo ana waya wa siri wa pili.

Fiacre alikuja kuuliza kwa upole kama kuna shida, kwa sababu ana nguo za kina mama za kunyoosha kabla ya sikukuu. Nikasema ni mambo ya ufundi. Akawasha pasi ya makaa, akaendelea na kazi yake. Mtu asiyekasirika ni hatari.

Jumamosi, 14 Juni
Sikukuu! Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani kutoka Tchomia. Sahani zimetoka nyumba zote za mtaa. Kwetu kila mama anatia alama chini ya sahani zake kwa rangi ya kucha, azitambue watu wakishatawanyika. Mama Pétronille, kiongozi wa kina mama, ana nukta tatu nyekundu. Mama Régine ana msalaba wa buluu. Nimewaambia wote wakae, wakunje mikono. Mama Pétronille alikaa! Aliniita prezida mbele ya watu. Moyo ulinijaa.

Rapide, na tena Rapide, mchana kutwa. Nilipotoa sahani za mwisho mita ikalia. Umeme wa mwezi mzima kwisha, na Fiacre ana mikro, kipaza sauti, mkononi. Nilifurahi. Lakini akahutubia bila mikro, watu wakamsogelea, wakamsikiliza vizuri zaidi.

Si kitu. Sahani ziling'aa, juu na chini.

Mama Pétronille akageuza moja. Akageuza ya pili. Akageuza kumi.

"Papa Placide," akasema, "alama yangu iko wapi?"

Jumapili, 15 Juni
Alama hazipo. Maji ya moto yamezibandua zote. Sahani nzima kila moja imepata mama watatu. Zenye ufa ni yatima. Mama Régine na Mama Pétronille, marafiki tangu ubatizo, hawakupeana amani kwenye misa.

Ndipo Fiacre akasimama. Akaomba sahani zote ziwe za shirika, anayefanya sherehe aazime, na yeye atazitunza. Kina mama wakapiga vigelegele.

Sisi tunachagua kwa kusimama nyuma ya mtu. Nyuma yangu alisimama Laurent, akitafuna. Wivine alisimama kwa Fiacre. Anasema kule kulikuwa na kivuli.

Nimelia kidogo nyuma ya jiko. Vumbi. Wivine akaniletea chai, akakaa karibu nami. Baadaye akauliza mbuzi wake yuko wapi.

Jumatano, 18 Juni
Bado tuko gizani. Fiacre amekuja kuniteua. Msaidizi! Nimekubali, kwa heshima ya marehemu baba.

Mama Pétronille anataka nianze kwa kuosha sahani za shirika, kwa mkono, na yeye akiniangalia.

Wivine anashauri mashine niiuze, na siku nyingine nisome kijitabu kwanza. Ana haki. Mashine hii haikunifaa.

Ila nimesikia kuna mzungu mwingine anayehama. Ana mashine ya kufua nguo! Kwaya inatafuta msimamizi, na kanzu zake ni chafu. Zote zinafanana, lakini hakuna hatari: kila mwimbaji ameandika jina lake ndani ya kola kwa wino wa bic. Nimekwenda kuiona leo, nikaangalia vitufe vyote. Rapide ipo.