Mzee Twalibu Hakulewa

Jumatatu, 2 Machi 1953
Sista anatafuta mtu mmoja wa kukabidhiwa sindano zote za wodi ya wanaume. Ni mimi au Koleta. Mimi nina miaka sita hapa hospitalini. Yeye ana miwili, tena katokea kijijini Ziba.

Leo kalazwa Mzee Twalibu, mshona kofia wa hapa Tabora mjini. Kakonda, kachoka. Nikamwambia Sista kwa sauti ya kitaalamu kwamba ni minyoo. Koleta alimuuliza Kuluthumu, binti wa mzee, kama baba yake anakunywa maji sana. Binti akasema anamaliza mtungi kwa siku, na msalani kwake sisimizi hawakosekani. Koleta akachukua mkojo, akauchemsha pamoja na ile dawa ya buluu. Ukageuka rangi ya tofali. Ugonjwa wa sukari.

Sista alimsifu mbele ya wodi nzima. Mimi nilijifanya nafunga dirisha. Lilikuwa limefungwa tayari.

Jumanne, 3 Machi
Mzee kaanza sindano za insulini. Sista katuonya mara mbili: akichomwa, ale ndani ya nusu saa, na mchomaji asiondoke mpaka aone bakuli tupu. Nilitikisa kichwa kwa makini. Kumbe nilikuwa nawaza jambo langu.

Koleta huingia kazini saa moja. Kesho nitafika saa kumi na mbili. Sista akija, atakuta sindano imekwisha chomwa na mimi nimesimama kando ya kitanda, koti limenyooka.

Jumatano, 4 Machi
Natamani siku hii ifutwe.

Nilimchoma mzee saa kumi na mbili na robo. Kipimo sahihi. Uji haukuwa umefika. Nikasema utafika tu, nikaenda kupiga koti pasi. Kuni jikoni zilikuwa zimelowa, uji ukachelewa. Sikujua. Nilikuwa kwenye kola.

Nilirudi saa moja na nusu. Mzee alikuwa analowa jasho, anatetemeka, ulimi mzito. Akaniita mbuzi. Kuluthumu alikuwa amekuja kumjulia hali, na wagonjwa kumi na wawili walikuwa wanatazama. Nikatangaza kwamba mzee amelewa. Nilimnusa mdomo. Nikainama chini ya kitanda, nikatoa chupa, nikainusa nayo.

Kuluthumu alilia. Alisema hayo ni maji ya kutawadhia.

Koleta akaja mbio. Akamshika mzee shingoni, akasema ngozi ni ya baridi. Akaniuliza, “Damas, umemchoma saa ngapi?”

Nikasema sasa hivi tu.

Hapo ndipo ninapoona aibu mpaka kalamu inateleza. Alisita kwa sababu yangu: sindano ya sasa hivi haiwezi kushusha sukari ya mtu upesi hivyo. Alinitazama, akamtazama mzee, ambaye macho yalikuwa yanaanza kujifumba. Kisha akaacha kunisikiliza. Akamuuliza mzee kwanza kama anaweza kumeza, akakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye chai vuguvugu, akamnywesha kidogo kidogo huku Kuluthumu ameshika kichwa. Mimi nilishika chupa.

Baada ya robo saa mzee aliuliza kwa nini shuka lake limelowa. Uji ukaja, akala wote.

Alhamisi, 5 Machi
Sista aliniita. Nilitegemea Koleta kasema yote. Hakusema habari ya uongo wangu hata neno. Ningependa angesema. Ikabidi niseme mwenyewe, na sikusema vizuri. Nilianza na kuni. Sista alisubiri mpaka kuni zikaisha. Kisha akasema mzee angeweza kufa, na kwamba tangu leo nachemsha sindano lakini sichomi. Koleta kapewa wodi.

Jioni nilikwenda kitandani kwa mzee. Nikasema shikamoo. Akaniitikia marahaba, akanionyesha pa kukaa. Binti yake aligeukia ukutani. Niliomba radhi. Mzee alisema miaka arobaini anashona kofia za watu wa msikitini, na hajawahi kunuswa. Akanisamehe. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

“Na ile chupa yangu, mwanangu, uliinusa ukaona ni pombe gani?”

Wodi nzima ikacheka. Kuluthumu naye, bado ameelekea ukutani, mabega yakamcheza. Sikuwa na pa kuweka uso.

Jumapili, 8 Machi
Siku tatu nimechemsha sindano na kutafakari. Nimeona kosa langu lilikuwa nini: niling'ang'ania sukari, ugonjwa ambao Koleta keshauzoea. Sasa nasoma habari za tezi ya shingo. Dalili ni shingo kuvimba, macho kutoka, jasho, mikono kutetemeka.

Leo kanisani nilimwona Mama Bernadeta, mke wa mwalimu Ambrosi, akiimba sauti ya juu. Shingo ilivimba. Macho yalimtoka. Alilowa jasho, na kitabu kilitikisika mkononi. Wimbo ulipokwisha dalili zote zikapotea, kwa hiyo ninahofu ni aina mpya.

Sitamuuliza chochote, asije akaenda kwa Koleta. Jumapili ijayo, baada ya misa, nitasimama mlangoni na kutangaza ugonjwa wake mbele ya watu wote. Koti nimekwisha lifua.