Feridun Achumbia Ufukweni

Kwenye lango la Hoteli ya Mavi Burun, mwendo mfupi kutoka mji wa Side, pwani ya kusini ya Uturuki, pana kibao cha shaba kinachosema kwamba humo wanaingia watu wazima tu. Wageni wengi huichagua hoteli hiyo ili wapate kulala bila kusikia vilio vya watoto. Feridun aliichagua kwa sababu za kikazi. Katika miaka thelathini ya kuwaingiza watu mjini, kuanzia Izmir mpaka Mersin, hakuna polisi aliyewahi kumtia mkononi, lakini watoto walikuwa wamemuumbua mara nne. Mtoto hana adabu ya kunyamaza. Atakuuliza mbele ya watu, "Mjomba, mbona saa yako haitembei?" Mtu mzima huiona saa hiyohiyo, akajisemea kwamba matajiri nao wana mambo yao.

Sasa Feridun alikuwa na miaka hamsini na sita, na goti lake la kulia lilikuwa limegoma kukimbia. Tapeli asiyeweza kukimbia hana budi kustaafu, na kustaafu kwahitaji mtaji. Alichokitaka ni kibanda cha chai kule Ayvalık, chenye viti sita na paka mmoja, akae hapo asidanganye mtu tena isipokuwa kuhusu umri wake. Senti zake za mwisho zilikuwa zimekwisha kwenye chumba cha Mavi Burun, na zilibaki siku tano. Siku hizo zikipita patupu, basi tena, kibanda angekiona ndotoni tu.

Jumatatu asubuhi, wakati wa kifungua kinywa, akamwona mwanamke anaiba mayai.

Ieleweke kwamba Mavi Burun, ukishavikwa ile bangili ya plastiki mkononi, unakula na kunywa bure mpaka ushindwe kuinuka. Hata hivyo, mwanamke huyo wa makamo, aliyevaa gauni la buluu lililomkaa sawasawa, alikuwa akitumbukiza mayai ya kuchemsha kwenye mkoba wake, moja baada ya jingine, kisha akayafunika kwa leso. Feridun aliacha zeituni mdomoni bila kuitafuna. Tajiri haibi kitu cha bure. Huyu alikuwa anaigiza, tena anaigiza vizuri, kasoro tumbo tu ndilo lililokuwa bado halijauamini utajiri.

Akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Bibi, hilo la nne litapasuka. Liweke juu."

Mwanamke hakutikisika. "Na wewe saa yako imekwama saa tatu na robo. Toka juzi ni saa tatu na robo."

Feridun akashusha mkono chini ya meza. Badala ya kuogopa, alijisikia raha, maana ilikuwa miaka mingi tangu akutane na mtu wa fani yake.

Jina lake Nurten, fundi cherehani wa Nazilli, mjane wa miaka tisa. Wiki hiyo ya anasa aliishinda kwenye bahati nasibu ya sabuni ya kufulia. Gauni alilishona mwenyewe.

"Bi Nurten," Feridun akasema, "nataka kukuchumbia."

"Kabla ya chai?"

"Ijumaa, alasiri, pale ufukweni. Tunavishana pete mbele ya watu. Watu watakubandika dhahabu begani, kama kawaida ya shughuli za uchumba. Tunaihifadhi kwenye sefu ya chumbani kwangu. Jumamosi asubuhi kila mmoja ana njia yake."

"Nani ambandike dhahabu mtu asiyemjua?"

"Mwenye tamaa. Wewe shona utepe wa kubandikia, tamaa niachie mimi. Robo ya mzigo ni yako."

"Nusu."

"Dada, mpango ni wangu!"

"Na bega la kubandikia ni langu."

"Theluthi."

"Haya, theluthi," akasema Nurten, akafunga mkoba wake. Alikubali upesi mno, lakini wakati huo Feridun alikuwa amegeuka kutazama rasi yenye misonobari upande wa pili wa ghuba, na akili yake ilishafika huko.

Hapa inabidi kusema neno kuhusu watu wazima. Waache wiki moja bila watoto wao, na wenyewe wanarudi utotoni. Pale Mavi Burun, jua likichomoza tu, wanaume wenye makampuni na mvi walikimbia na ndara mpaka ufukweni kuwahi vitanda vya mbele vya kuotea jua. Walitandika taulo kama alama ya umiliki, wakarudi kulala. Ugomvi wa vitanda uliamuliwa kwa kusukumana. Bingwa wao alikuwa Cevdet, mwenye maduka ya matairi kule Kayseri, mtu wa tumbo kubwa na mikono mifupi, aliyekuwa anatandika taulo mbili ingawa alikuja peke yake.

Feridun hakukimbilia kitanda. Alishuka saa nne, amevaa kofia nyeupe, akasimama kando ya kitanda cha Cevdet, akaitazama ile rasi na kuguna kwa uchungu. Aliguna Jumatatu, na Jumanne akaguna tena. Cevdet akashindwa kuvumilia.

"Bwana mkubwa, kule kuna nini?"

"Aa, hakuna kitu. Shamba la marehemu babu."

Cevdet akainuka na tumbo lake lote. "Rasi yote ile?"

"Hapana bwana, usinikuze. Ni pale penye misonobari tu. Mawe ni ya serikali."

"Unauza?"

"Kuuza ardhi ya babu? Astaghfirullah! Tunajenga nyumba kumi na mbili, za watu wazima tu, kama hapa. Lakini marehemu mama aliniusia nisiweke mgeni kwenye ardhi ile. Ni ndugu tu, tena kwa bei ya undugu." Feridun akashusha pumzi. "Na ndugu wenyewe ndio sina. Labda Ijumaa, nikimvisha pete Bi Nurten, Mungu atanijalia. Siku kama hiyo ndiyo unamjua nani nduguyo."

Akaenda zake bila kuongeza neno. Kazi kama hii ukiisukuma inaharibika.

Mpaka chakula cha mchana habari ilikuwa imezunguka bwawa zima. Daktari wa meno kutoka Ankara, ambaye jana yake alikuwa amemkanyaga Feridun kwenye foleni ya samaki bila kuomba radhi, alianza kumwita kaka. Cevdet alimwita shemeji, na kufikia Jumatano alishamfanya mdogo wake wa damu. Alhamisi teksi za mji jirani wa Manavgat zilifanya safari nyingi kwenda mtaa wa masonara. Cevdet na yule daktari walikutana ndani ya duka moja, kila mmoja akadai amekuja kubadilisha betri ya saa.

Ilibaki kumpata mzee wa shughuli, kwa maana pete za uchumba hufungwa kwenye ncha mbili za utepe mwekundu, na lazima mtu wa heshima atamke maneno na kuukata. Feridun alimchagua Bibi Perihan wa Eskişehir, jaji mstaafu wa miaka sabini na minane, aliyeshinda chini ya mwavuli akijaza chemshabongo. Huyu peke yake hakuwa ameuliza lolote kuhusu misonobari.

"Jaji kwenye shughuli yetu?" Nurten akanong'ona. "Umefikiri vizuri?"

"Ndiyo ujanja wenyewe, dada. Akishakata jaji, nani atauliza maswali?"

"Basi sawa," Nurten akasema, akaendelea kushona utepe wake.

Ijumaa alasiri ufuko ulifurika watu waliooga na kuvaa viatu, jambo lisilo la kawaida pale. Nurten alitokea na gauni la rangi ya maziwa, mpaka Feridun akasahau kwa sekunde mbili hivi kwamba ni mchezo. Begani alikuwa na utepe mpana kiganja kizima, ulioshuka mpaka magotini, na ameushona kwa vitambaa viwili ili ubebe uzito.

Bibi Perihan akachukua mkasi, akaujaribu hewani, akatikisa kichwa. "Mkasi huu haukati."

Watu wakacheka, wanajua. Mkasi wa uchumba haukati mpaka mwanamume ameutia makali kwa chochote kitu. Feridun alijipapasa mifuko iliyokuwa na funguo na mabaki ya biskuti tu. Mwishowe akavua saa.

"Inatembea?" akauliza jaji.

"Inapumzika, Mheshimiwa."

Jaji akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaitia saa kwenye mkoba, akaukata utepe wa pete. Makofi yakalipuka.

Kisha ukafika wakati wa kubandika. Cevdet aliusukuma umati, akatoa sarafu nzima ya dhahabu yenye kitanzi chekundu, na kabla hajaibandika akamnyang'anya mpiga muziki kipaza sauti. "Kutoka kwa kaka yake bwana mchumba, Cevdet wa Kayseri, dhahabu nzima moja!" Daktari wa meno alikuwa na sarafu ya robo tu ya uzito huo. Akairudisha mfukoni, akamnong'oneza mkewe, mkewe akavua bangili akiwa amenuna. "Kutoka kwa kaka wa kweli," daktari akatangaza, "bangili ya gramu ishirini!" Cevdet akageuka mwekundu, akaongeza sarafu ya pili. Hapo shughuli ikawa mnada. Watu waliokuja na pongezi za mdomo walirudi vyumbani mbio kufungua masefu yao. Utepe ukajaa mpaka Nurten akawa anasimama ameinamia upande mmoja.

Feridun alitazama, akihesabu kimoyomoyo. Kile kibanda cha Ayvalık kilishafika viti ishirini. Akamshika Nurten kiwiko kwa upole.

"Mpenzi, twende chumbani tukahifadhi."

Nurten akafuta chozi, na chozi lilikuwa la kweli. Akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, Mungu awalipe. Mama yangu yuko Nazilli, miguu haimbebi, hakuweza kuja. Ameomba jambo moja tu, leo hii aguse dhahabu ya mwanawe kwa mkono wake. Na Feridun wangu, jamani, bila hata kuombwa, ameshaniitia teksi!"

Wanawake wakaguna kwa huruma. Wanaume wakampiga Feridun mgongoni. Teksi kweli ilikuwa langoni, imewashwa.

"Lakini mpenzi," Feridun akasema, na tabasamu limemganda, "mama ataona picha. Dhahabu iache. Njiani kuna matapeli."

"Matapeli wataniweza nini mimi, mchumba wako?"

Akageuka kuondoka. Feridun, miaka thelathini ya ustadi ikamtoka, akaukamata ule utepe na kuuvuta.

Muziki ukanyamaza.

"Toa mkono," akasema Bibi Perihan.

"Mheshimiwa, nahifadhi tu."

"Dhahabu aliyobandikwa mwanamke ni ya mwanamke. Nimeamua kesi hizo miaka thelathini na moja, na mikono ya namna hiyo naijua. Toa."

"Mdogo wangu, unatuaibisha!" Cevdet akafoka. "Sisi Kayseri tunakufukuzia mpaka lira ya mwisho, lakini ya bi harusi hatugusi!"

Feridun akauachia. Akajaribu mlango wa mwisho. "Nauliza tu, Mheshimiwa, kwa faida ya vijana. Tuseme uchumba umevunjika hapohapo, dhahabu inakuwaje?"

"Inarudi kwa waliotoa, kila mtu na yake. Vijana gani? Hapa ni watu wazima tu. Unataka kuuvunja?"

Ghafla kila mtu akawa anaiangalia sarafu yake kwenye bega la Nurten. Feridun akaiona hesabu yote kwa mara moja. Akiuvunja, dhahabu inarudi kwao, na wao wataanza kuuliza habari za misonobari. Asipouvunja, dhahabu inakwenda Nazilli.

"Nimvunjie moyo huyu?" akasema. "Afadhali nife."

Wakamsindikiza wote mpaka langoni. Feridun akainama kwenye dirisha la teksi kana kwamba anaaga kwa mahaba.

"Nurten. Theluthi mbili zangu."

"Bwana Feridun," Nurten akajibu polepole, na hakuwa anacheka, "miaka tisa nawashonea watu nguo za uchumba na mifuko ya dhahabu zao. Mfuko wa kwangu sijawahi kuushona. Chumba changu cha kushonea kinauzwa mwezi huu, na sasa nitakinunua mimi. Ungejiuliza kwa nini nilikubali theluthi upesi hivyo." Akamgusa shavu. "Ulipendeza lakini. Kweli kabisa."

Feridun akajiondoa dirishani, akawatabasamia watu.

Teksi ilipoanza kutembea, mtu akamtia mkononi mtungi wa maji, yale ambayo kwa desturi humwagwa nyuma ya msafiri ili arudi salama. Alikuwa Cevdet, ameutoa mapokezi, machozi yakimlengalenga.

"Mwagia nyuma ya gari, mdogo wangu! Aende kama maji, arudi kama maji!"

Watu wote wa Mavi Burun walikuwa wamesimama pale, waliomwita kaka na waliomwita shemeji, wakimngoja. Feridun akauinamisha mtungi, akaanza kuimwagia maji barabara nyuma ya dhahabu yake, huku wanapiga makofi.

"Mwaga yote," Cevdet akamhimiza. "Usibakize, asije akachelewa kurudi."

Feridun akamwaga yote.