Komeo la Bunduki ya Matonya

Tegeni masikio, enyi wa Ipagala na enyi wa Kizota, zimeni redio zenu mpya na mfunike marobota yenu ya mitumba, maana hapa hausimuliwi ushindi wa majeshi bali jambo zito zaidi: jinsi Bartolomayo wa Msalato, simba wa ua wake mwenyewe, alivyopigana na komeo la bunduki.

Bunduki ilikuwa ya babu yake, Matonya, aliyerudi nayo kutoka vita vya Mjerumani: ndefu, nzito, yenye komeo la chuma la kuinua na kuvuta nyuma. Tangu hapo haikuua hata kwale. Ila kila mavuno ukoo ulikusanyika, ukaipaka samli kwa heshima, ukairudisha darini.

Ndipo zama za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, zikamleta Respicius, mkusanyaji wa silaha za kale, mwenye kibali na miwani ya dhahabu, aliyefungua chumba cha maonyesho mjini. Aliahidi kuitundika ukutani, na jina la Matonya chini yake. Lakini alifuatana na Sajini Debora wa polisi, naye akatoa hukumu.

"Shikamoo, mzee. Komeo likifunguka nikaona hamna risasi, iende ukutani. Likigoma, naondoka nayo ikakatwe vipande."

"Marahaba, mwanangu," akanguruma Bartolomayo. "Matonya hakuponea chupuchupu kwenye mizinga ili jina lake liishie kwenye vyuma chakavu!"

Vita vikaanza. Akauelekeza mtutu kwenye kichuguu, akalikamata komeo, akavuta hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Komeo likatulia tuli. Akaleta nyundo; nyundo ikachomoka mpini. Akaleta matusi ya Kigogo, yale ya kufukuzia fisi. Komeo likayasikiliza kwa adabu. Respicius akaanza kufuta miwani kwa huzuni, na Debora akafungua mlango wa nyuma wa Landrova. Bartolomayo akawa kama anamwona babu yake mwenyewe akipakiwa.

"Baba Sila," akaita mkewe Zipora, akitua sufuria ya mlenda uliokuwa ukitokota, "mwache babu apumzike, mle."

"Mama, shujaa hali kabla ya ushindi!"

"Basi shujaa asogeze mguu, mboga ya moto hiyo."

Hakusogeza. Alivuta kwa nguvu zote za ukoo wake, mkono ukateleza, akaanguka chali, na kisigino kikaipiga sufuria. Mlenda wote ukaimwagikia bunduki, mvuke ukapaa. Kisha ikaja harufu aliyoijua tangu utoto: samli! Samli ya mavuno yote, iliyoganda humo ndani kama gundi kwa wingi wa heshima, sasa ikiyeyuka na kuchuruzika mchangani.

Bartolomayo akainuka, akavuta kwa vidole viwili. Kla! Komeo likaja nyuma kama mbuzi aliyeitwa jina.

Debora akachungulia. "Tupu!" akatangaza, na vigelegele vikawatimua kuku hadi barabarani.

Siku hiyo washindi walikula ugali mkavu. Respicius, akitafuna kwa shida, akauliza aandike nini.

"Andika Matonya," akasema Bartolomayo, akiufuta mtutu kwa pindo la shati.

"Na mboga yangu?" akauliza Zipora. "Imekufa vitani bure?"

Ndiyo maana ukutani, kule mjini, historia imeandikwa hivi: *Bunduki ya Matonya wa Msalato. Iliishinda nyundo. Ikasalimu amri kwa mlenda wa Zipora.*